Kicheko cha Mama na Kidole cha Sita

Kila mwaka nikifika kwenye somo la kiinitete, hapa ninapofundisha Goma, namkumbuka mama yangu, Mungu amrehemu, na kicheko chake. Baba alinisimulia kwamba zamani mama akicheka uani, jirani wa nyuma ya ukuta wa mawe meusi naye anaanza, bila kujua kinachochekwa. Mimi wakati huo nilikuwa mdogo mno; ninayemkumbuka ni mama anayecheka amefunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyeiba.

Chanzo kilikuwa mkono wa dada yangu mdogo. Alizaliwa na vidole gumba viwili mkono wa kuume, cha pili kidogo kama haragwe. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka mtaa wa Himbi kumwona mtoto. Akafunua kitambaa, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Si ulimucheka ule mutu wa mashu? Hujafa hujaumbika! Sasa mutoto njo amelipa."

Na kweli mama alikuwa amecheka. Akiwa na mimba hiyo alipanda gari akitoka Rutshuru, na humo muuza kabichi mmoja, yaani mashu, mwenye vidole sita mkono mmoja, alihesabu mzigo wake kwa vidole, ikazidi kabichi moja. Gari zima lilicheka, yeye mwenyewe wa kwanza. Mama akafika nyumbani akaisimulia, na shangazi yupo. Laiti angenyamaza!

Basi, tangu hapo alimfumia dada sweta za mikono mirefu inayofika kwenye kucha. Kabla ya kulala aliushika ule mkono, akausugua polepole, midomo ikimtembea. Alikuwa anaomba radhi. Dada mwenyewe hakujali kitu, kwa kidole chake aliwaringia wenzake shuleni. Aliyechemka ni mimi. Shangazi yule nilimchukia, wacha niseme tu.

Nilipokuwa chuo kikuu nikisoma biolojia, siku moja mwalimu alituchorea jinsi mkono unavyoanza tumboni. Nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta mama anakanda unga wa mandazi. Nikamega donge, nikalibandika ubavuni mwa lile kubwa.

"Mama, angalia. Mukono unaanzaka hivi, kifundo tu. Hapa, upande wa kidole kidogo, kuna seli chache zinatuma ujumbe kwa zingine. Ni kama harufu ya mandazi yako: mwenye kukaa karibu anaisikia sana, wa mwisho wa avenue hasikii kitu. Seli za karibu zinakuwa kidole kidogo, za mbali kabisa zinakuwa gumba. Mara zingine ujumbe unatokea na kule upande wa gumba, kwenye haukuitwa. Kidole kinazidi. Ni vile tu."

Aliendelea kukanda. Nilidhani yamempita. Halafu akauliza bila kuinua macho:

"Na hiyo kazi ya vidole, inafanyikaka wakati gani?"

"Mapema sana. Mimba haijafika hata miezi miwili. Pengine mama mwenyewe hajajua kama anayo."

Mikono yake ikasimama.

"Ule mutu wa mashu alinipisha kiti kwa sababu ya tumbo," akasema. "Tumbo ilikuwa imefika hapa." Akaonyesha kwa mkono uliojaa unga, mbali mbele ya kitenge chake. "Njo kusema, siku nilicheka..."

"Vidole vilikuwa vimekwisha zamani, mama. Vyote sita."

Alilia pale pale, mikono yote unga, hana cha kujifutia. Nilimfuta kwa ncha ya kitenge.

Kesho yake akavaa nguo za misa, tukapanda pikipiki kwenda Himbi. Shangazi, sasa mzee, akatukaribisha chai. Mama hakugusa kikombe.

"Wifi, ulisema mutoto alilipa kicheko yangu. Haikuwa vile. Siku nilicheka, vidole vilikuwa tayari."

Shangazi akamkodolea macho. "Miye? Nilisema hivyo? Lini? Mutu gani wa mashu?"

Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau kabisa. Ee Mungu wangu, miaka yote ile! Sweta zote zile! Damu ikanipanda, nikafungua mdomo nimtolee uvivu. Mama akaweka mkono juu ya goti langu.

"Si ule wa ndani ya gari," akamwambia shangazi taratibu, "mwenye alihesabu mashu kwa vidole, ikazidi moja?"

Shangazi akafikiri kidogo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mama akamtazama, na kicheko kikamtoka. Kiganja chake kiliinuka kwenda mdomoni kwa mazoea, kikaishia njiani, kikarudi gotini kwangu. Akacheka kichwa kimeenda nyuma, meno yote nje, hadi chai ikamwagika.

Ng'ambo ya ukuta, mlinzi wa jirani naye akaanza kucheka.