Kituruki cha Kufungia Mizigo

Mwanangu, kaa chini kwanza, na hiyo sura ya kununa iweke pembeni. Umerudi kutoka migodi ya shaba huko ng'ambo ya Tunduma ukilalamika kwamba Wabemba wana maneno, kwamba wanakucheka, kwamba umeapa hutawasemesha tena. Nimekusikiliza tangu asubuhi mpaka kichwa kinaniuma. Sasa nisikilize mimi.

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo mwili hunisisimka. Ilikuwa wakati wa vita. Mimi, kijana wa Itaka ambaye sijawahi kufika mbali, nikachukuliwa jeshini, si kwa kushika bunduki, kwa kubeba tu. Tukapelekwa kaskazini kabisa, nchi ya Sham, penye milima ya mawe na baridi ya kukata masikio. Kazi yetu ilikuwa kupandisha maji na chakula kwa watu waliokuwa wakijenga barabara huko juu. Mizigo ilibebwa na nyumbu. Simaanishi nyumbu wa porini; ni yule mtoto wa punda na farasi, mnyama mkaidi kama wewe. Waliowaongoza walikuwa Waturuki wa kisiwa cha Kipro, nao wakitawaliwa na Mwingereza kama sisi. Nikapangwa na mmoja aitwaye Halili, kijana wa rika langu.

Asubuhi ya kwanza akanitazama, akasema, "Merhaba!" Nikakasirika. Marahaba? Nani kampa shikamoo? Rika langu, anajifanya baba yangu! Sikumjibu. Koplo wetu, Sichone, Mnamwanga mtu mzima aliyekuwa amezunguka sana na biashara, akaniambia nipunguze ukali, niishi na watu. Haya, nikajaribu. Nikamwita Halili kwa heshima zote, mbele ya wenzake: "Kaka!" Waturuki wakacheka mpaka wakaegemea nyumbu. Halili akawa mwekundu, akatema mate, akanigeuzia mgongo. Nikaapa kwamba sitamsemesha tena. Umesikia? Kiapo hicho hicho ulichokula wewe.

Basi tukawa tunafanya kazi kama mabubu, mimi mbele nimeshika kamba, yeye nyuma ya nyumbu. Siku hiyo ninayokuambia, mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika penye njia nyembamba ya ukingoni, Halili akapiga kelele, "Dur! Dur!" Nikasema, huyo, ameanza matusi yake. Nikakaza mwendo. Akapaza tena sauti, "Dur!" Nami nikavuta kamba kwa hasira. Ardhi ikakatika chini ya miguu yangu.

Mwanangu, nilining'inia. Nyumbu alinipita na mizigo yake yote, nikamsikia akigonga mawe huko chini mpaka kukawa kimya. Halili alikuwa amejitupa kifudifudi, mkono mmoja umenikamata mkanda, mwingine umeng'ang'ania jiwe lililomchana kiganja vibaya. Ndivyo alivyonivuta mpaka juu.

Koplo Sichone alipofika hakunipa pole. "Dur maana yake simama," akasema. "Mimi sijui Kituruki, lakini neno hilo nalisikia kila siku wakiwaambia nyumbu. Nyumbu wanalijua. Wewe je?"

 

Halili hakuweza tena kufunga mizigo, kiganja kilikuwa kwenye bendeji, kwa hiyo mimi nikawa mikono yake. Ikabidi aseme, na mimi ikabidi nisikie. Gel, njoo. Çek, vuta. Yavaş, polepole. Alinichosha! Nikikosea ananifokea, nami namjibu kwa Kinyiha chetu, hata hajui namtukana au namwombea. Lakini kidogo kidogo tukaanza kuokota maneno tuliyokuwa nayo sote wawili: kahawa yeye aliita kahve, sabuni ni sabun, habari ni haber. Kumbe merhaba kwao ni salamu ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Na kaka? Siku nilipomuuliza, akanishika bega, akanipeleka nyuma ya nyumbu, akanyoosha kidole kwenye mavi. "Kaka," akasema. Tulicheka mpaka Koplo akaja kuuliza kama kuna aliyeumia.

Nikajiona najua Kituruki. Halafu dereva wa lori akaleta habari kutoka Kipro. Nilimkuta Halili ameketi juu ya gunia, kofia mikononi. "Babam," akasema. "Babam öldü." Neno hilo la mwisho nilikuwa nalijua, maana ndilo alilolisema juu ya yule nyumbu aliyeanguka. Baba yake amekufa, na amekwisha kuzikwa.

Nikatafuta la kumwambia. Nilijua vuta, simama, polepole. Kituruki changu chote kilikuwa cha kufungia mizigo, hakina hata neno moja la kumpa mfiwa. Nikaketi kando yake. "Baba," nikasema, kwa sababu hilo kwao na kwetu ni neno moja. "Baba," akaitikia, akaniegemea begani, akalia. Baadaye nikaenda kwa wenzake, wakanifundisha: "Başın sağ olsun," yaani unamwombea kichwa chake kiwe kizima. Nikarudi nikamwambia. Akainuka, akanikumbatia.

Sasa wewe! Umekaa kule muda wote huo, na Kibemba chako ni cha kununulia sigara. Halafu unashangaa huna rafiki? Rudi kazini. Kabla hujasema mtu amekutukana, muulize amesema nini. Wakikucheka, cheka nao, kisha uliza tena. Na usiishie kwenye maneno ya kazi na ya dukani. Waulize wanamwambiaje mgonjwa, wanamwambiaje mama aliyejifungua, wanamwambiaje aliyefiwa. Hayo ndiyo yatakayokuingiza ndani ya nyumba zao.

Haya, inuka. Mungu akulinde huko shimoni unakochimba, akulainishie ulimi wako mgumu, na siku utakapolia mbali na nyumbani, pawepo mtu wa kuketi kando yako.