Mgeni Aliyemtafuta Mke Asiyekuwepo

Wakati wa vita, kijijini kwetu Bisibo, tulikuwa na kazi mbili kwa mgeni: kumkaribisha na kumchunguza. Balozi wa nyumba kumi alitaka kila sura ngeni ifikishwe kwake kabla jua halijazama. Sisi wanawake tulizifanya kazi zote mbili kwa mpigo, tena tukicheka, na wageni wengi waliondoka bila kujua kwamba walikuwa wanapimwa.

Mume wangu alikuwa vitani. Tangu aondoke na wenzake wa mgambo sikuwa nimepata habari yake hata moja. Nikisikia kuna msiba wa askari kijiji cha jirani, naacha chakula nikaulize jina lake. Mama mkwe, ambaye nyumba yake ilipakana na yangu, hakutaka nione machozi yake, nami nilimficha yangu. Basi, badala ya kulia, tukawa tunagombania chumvi.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka shamba la kijiji, majembe hata hatujayaweka chini, akatokea kijana kwenye njia ya Biharamulo mjini. Vumbi mpaka kwenye kope, kifurushi begani.

"Shikamooni mama zangu," akasema. Tukaitika. Akasema anamtafuta mke wa rafiki yake, askari mwenzake, akataja jina la mwanamke huyo; la rafiki hakulitaja, alisema ameagizwa amtajie mkewe tu.

"Hapa hakuna mwenye jina hilo," mama mkwe akamjibu. "Lakini uji upo. Karibu."

Ndivyo alivyokuwa mama yule. Alimketisha uwanjani, mahali ambapo kila apitaye angemwona, akauonja uji mwenyewe kwanza, kama desturi yetu, ndipo akampa. Jirani akatumwa kwa balozi, eti kuazima ungo. Waliobaki wakampigisha soga: kwenu wapi, mnalima nini, mvua imenyesha? Kijana alisema kwao ni Keza, kule Ngara, na Kihangaza chake, lugha ya huko, kilikuwa cha kweli. Lakini kila aliporudia lile jina, watu walizidi kumkazia macho. Kumuulizia mtu asiyekuwepo, na nchi iko vitani, halikuwa jambo dogo. Mgambo mmoja alikwishasogea na rungu lake.

Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango wangu. Jina lile lilikuwa langu.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alinionya: njiani msalimu kila mtu, mjibu kwa ucheshi, lakini jina lako na nyumba yenu usimtajie usiyemjua. Basi kijana mmoja wa baiskeli aliponiuliza naitwa nani, nilimbunia jina papo hapo, nikaenda zangu. Maskini akazunguka vijiji kuliulizia, mpaka aliponikuta gulioni, akamsikia shangazi yangu akiniita kwa jina la kweli. Alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Tulipooana hakuliacha lile la uongo. Mlango ukishafungwa, ndilo aliloniita, na hakuna mwingine aliyelijua.

Sasa nianzeje kulieleza hilo mbele ya mama mkwe? Kwamba nilimzungusha mwanawe vijiji vyote? Kwamba tuna majina ya chumbani? Aibu ilinishika, lakini hofu ya kumpoteza mume wangu ilikuwa kubwa zaidi. Nikapenya katikati ya watu.

"Ni mimi," nikasema. "Yuko hai?"

"Yuko hai, shemeji. Ameumia mguu, yuko hospitali Bukoba, kutwa anawatania wauguzi."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe hakupiga. Nilimweleza habari ya lile jina. Alitaka sana kuamini, maskini, ila aliogopa.

"Jina mtu huliokota popote," akasema, akaenda kukamata kuku.

Akampika kuku yule na ndizi, kijana akala mpaka jasho likamtoka, huku balozi ameketi kando akimuuliza haya na yale. Jua lilipokaribia kuzama, mama mkwe akamnawisha mikono kwa heshima zote.

"Mwanangu," akamwambia, "umekula kwangu, wewe sasa ni wangu. Lakini utalala kwa balozi. Mkwe wangu yuko peke yake."

Kijana akaanza kucheka. Alijitahidi kujizuia, ikashindikana.

"Nisamehe, mama. Rafiki yangu aliniambia: mama atakupa uji, atakuchinjia kuku, na ukishashiba atakutoa ukalale kwa balozi, hata ukimletea habari njema namna gani."

Mama mkwe akaketi chini palepale, kata ya maji bado mkononi.

"Ni yeye," akasema. "Aliyesema hivyo ni mwanangu. Yuko hai."

Akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, bila kujifunika uso. Nikaketi ubavuni pake, nikamshika. Na kijana akaenda kulala kwa balozi.