Anayehama Haimbi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini hata mtu mpole, angekuwa kanisani kwetu Garissa Jumapili ile, angetoka akitafuta kitu cha kupiga teke.

Hebu nianze na Sista Mueni mwenyewe. Alikuja hapa kutoka Mwingi akiwa muuguzi kijana, akapangiwa kliniki ya watoto. Aliambiwa ni miaka mitatu. Akakaa ishirini na sita. Amechanja watoto, kisha akachanja watoto wa watoto hao, na Kisomali chake ni cha kugombana nacho sokoni mpaka bei ishuke. Sauti yake si nzuri, tuseme ukweli, ina mkwaruzo. Lakini akianzisha wimbo, huwezi kubaki umekaa.

Kanisa letu ni la watu wa kupita. Mwalimu analetwa, polisi analetwa, karani analetwa, na kabla hujalizoea jina lake, barua ya uhamisho imefika. Ndiyo maana Sista alitunga wimbo wa kuaga. Anayehama anasimama katikati, tunamzunguka, kila mtu anamwekea mkono, na Sista anaongoza beti tatu kwa kayamba tu. Sharti ni moja: anayehama haimbi. "Umeshafanya kazi yako," Sista humwambia. "Sasa nyamaza upokee." Nimeona maafande wakali wakibubujikwa na machozi pale katikati.

Nje ya lango, ng'ambo ya barabara, Habibo anauza chai na maziwa ya ngamia. Yeye ni Mwislamu, na ni rafiki wa Sista tangu alipomleta kifungua mimba wake kliniki. Akiisikia sauti ya Sista na wimbo ule kutoka ng'ambo ya ukuta, anajua kuna mtu anahama. Anajaza chupa ya chai ya safari, anasubiri langoni. Hataki hata senti, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Basi akaja Pasta Morris. Si mtu mbaya, nasema haki. Lakini alikuja na kinanda cha umeme, skrini ya ukutani, taa za rangi na mashine ya moshi. Ndiyo, moshi! Garissa hii, ambapo joto peke yake linatosha kumtoa mtu roho! Siku ya kwanza ya moshi, askari wa langoni aliingia mbio na ndoo ya mchanga, akammwagia mpiga kinanda miguuni. Nikadhani hapo tutajifunza. Wapi! Ibada ikaanza kurushwa mtandaoni, tukawa tunaiabudu simu iliyofungwa kwenye kigoda cha miguu mitatu. "Akina mama, msipite mbele ya kamera." "Mwalimu Kananu, tabasamu, unaonekana." Tabasamu! Nilikuwa naungama dhambi zangu, jamani.

Kayamba la Sista likatiwa stoo, eti linaharibu sauti. Madaftari ya nyimbo yakafuata, kwa kuwa maneno yako ukutani. Hata wimbo wa kuaga ukaanza kusomwa ukutani. Sista hakubisha. "Kipya kinyemi, Kananu," aliniambia. "Watachoka."

Miaka miwili, hawakuchoka. Kisha barua yake ya kustaafu ikafika, arudi kwao Mwingi. Tulikuwa jikoni kwangu, tunachambua mboga.

"Mimi sitaki keki," alisema, "wala saa ya ukutani. Nataka mniimbie tu. Nimewaimbia watu mpaka nimepoteza hesabu. Nataka nami nijue pale katikati kukoje."

Nikaenda kwa Pasta. Nikamwambia, Sista aimbiwe kwa kayamba, mashine zilale siku moja tu. Akatabasamu. "Mwalimu, hii ni kumheshimu. Ndugu zake Mwingi watamwona moja kwa moja." Nikabishana mpaka koo likakauka. Nilichopata ni dakika nne kwenye ratiba, kati ya matangazo na sadaka.

Jumapili ikafika. Sista akasimama katikati na kitenge kipya, macho kafumba. Waimbaji wanne wa timu ya sifa wakapanda jukwaani na vinasa sauti. Sisi wengine tukaambiwa tukae vitini tusizibe kamera. Nikakataa. Nikaenda nikamwekea mkono begani, na wachache wakanifuata. Kinanda kikalia, moshi ukatoka, maneno yakapita ukutani, tukaimba:

*Vuka daraja, usiogope,*
*Bwana yuko ng'ambo kabla yako.*

Stima zikapotea.

Kinanda kikakatika, feni zikasimama, ukuta ukabaki mweupe. Ala! Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikajisemea, sasa tutaimba kama watu. Nikafungua mdomo kwa ubeti wa pili, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Nikawatazama waimbaji. Wanatazama ukuta. Pasta anatazama ukuta. Kanisa zima linatazama ukuta! Waliokuwa wakiujua wimbo ule tulishawaaga, wakavuka daraja la mto Tana zamani. Lakini mimi je? Miaka kumi na mmoja niko hapa. Nyani haoni kundule: nimeilalamikia skrini miaka miwili, kumbe nami nilikuwa naisoma tu kama wenzangu. Niliona aibu kubaki na mkono begani mwake.

Sista akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja, vile anavyomtazama mama aliyesahau tarehe ya chanjo. Akangoja. Mbuzi walilia nje. Hakuna aliyeanza.

Basi akaimba mwenyewe.

*Tuliokula nawe tutakutaja,*
*jina lako halitoki mlangoni.*

Akaimba wa pili, akaimba na wa tatu, akijipigia makofi kushika mwendo. Sisi tulivumavuma tu nyuma yake. Alipomaliza, stima zikarudi, na mashine ya moshi ikampumulia miguuni. Pasta aliizima kwa mkono wake, akasema "Amina," kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye simu yake.

Tulitoka nje. Langoni tukamkuta Habibo. Alikuwa Elwak miezi miwili kwa binti yake aliyejifungua, na alirudi usiku uliotangulia. Sista alitaka kumpa habari ya kustaafu uso kwa uso, kwa hiyo hakuwa amempigia simu. Habibo alikuwa na chupa ya chai mkononi, anacheka.

"Abaayo Mueni, dada yangu! Nimesikia sauti yako, nikajua mtu anahama. Nimepika chai haraka. Ni nani leo?"

Sista akaipokea chupa kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Habibo."

"Wacha utani," Habibo akasema, akichungulia nyuma yetu kumtafuta huyo mtu. "Wewe ndiyo ulikuwa unaimba."