Nilivyofunga Mizigo ya Karani

Bwana wangu, karani wa bomani, alihamishiwa Kaliua. Mkewe aliniahidi kwamba nikifunga mizigo vizuri nitakwenda nao. Majirani wetu wa mtaa wa Ng'ambo walileta masinia ya vyakula vya kuagana. Tulipokwisha kula, niliona haya kuuliza masinia yale ni ya nani, basi nikayaosha na kuyashona yote ndani ya magunia, kwa ustadi ambao babu yangu, mpagazi wa zamani, angeuonea fahari.

Majirani walikuja stesheni kutuaga. Mke wa bwana akanisifu mbele yao: "Kijana huyu nakwenda naye. Hakuacha hata kijiko!"

"Najua, shoga," jirani mmoja akajibu. "Natoka kwako sasa hivi kufuata sinia langu. Hata hilo hakuliacha."