Nukta Iliyovutwa Kushoto

Zahoro alikuwa fundi wa redio pale Umoja, na mwaka wa 1986 alikuwa na kompyuta nyumbani. Mjomba wa bintiye Muhiba ndiye aliyeileta, kuukuu lakini nzima. Muhiba aliichezea karibu mwaka mzima, akirusha ndege kwenye kioo cha televisheni kwa joistiki, kile kijiti cha kushika mkononi chenye kitufe. Kisha pumu ikamchukua, akiwa na miaka kumi na miwili.

Kompyuta ilifunikwa kitambaa miezi minane, hadi mwalimu Truphena, jirani yao, alipoiomba kwa ajili ya wanafunzi wake. Zahoro akakubali, ila alitaka kuikabidhi ikiwa sawa.

Jumamosi mchana akaiwasha. Nukta nyeupe ikatokea, na kijiti kikiwa kimesimama wima, ilipaswa kutulia katikati. Akazungusha skrubu mbili za kurekebishia, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Nukta ikatulia. Alipoondoa mkono, ikaanza kwenda kushoto, polepole, hadi ukingoni.

Akarudia mara tatu. Mara tatu ikaenda.

Fatu, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameingia chumba kile cha Muhiba tangu mazishi.

"Baba Muhiba, nani anaisukuma?"

"Hakuna mtu."

"Alikuwa anakimbilia kushoto kila mara. Unakumbuka?"

Zahoro akachukua bisibisi, akakifungua kijiti. Ndani mlikuwa na kifaa kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio, na njia yake nyeusi ya kupitishia umeme ilikuwa imelika upande mmoja tu. Akamwonyesha.

"Ni mkono wake uliofanya hivi," akasema. "Tukitaka, tuiache."

Fatu akapitisha kidole juu ya ule mkwaruzo. "Watoto wa watu watachezaje? Tengeneza."

Akafunga kifaa kingine, akarekebisha tena. Nukta ikasimama katikati, haikutikisika. Waliitazama muda mrefu, na hakuna aliyefurahi.

Jumatatu Truphena akaichukua. Tangu siku hiyo, baadhi ya alasiri, Zahoro husikia kitufe cha kijiti kikibonyezwa katika chumba kile kitupu, haraka haraka. Alimficha Fatu jambo hilo kwa wiki kadhaa. Halafu siku moja akamwona jikoni ameacha kukuna nazi, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Na wewe?" akamuuliza.

"Nyamaza," Fatu akasema. "Atatusikia."