Siku Tuliyomchimbua Malkia

Mwalimu wetu wa sayansi alipenda tushike vitu kwa mikono. Tuliotesha maharagwe kwenye pamba, tukarundika mboji nyuma ya vyoo, tukatafuna mahindi mabichi kuona yatageuka matamu baada ya muda gani. Nilimpenda sana. Naanza na hilo kwa sababu watu hudhani anayekuharibia lazima awe mtu mbaya.

Nilikuwa darasa la sita, Matungu, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya tisini. Mama alikuwa amefariki, na mimi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa hajaanza hata kutembea, tulilelewa na mama yake mama, tuliyemwita kukhu. Shamba lilikuwa la mjomba, naye alikuwa amelipanda miwa lote, hadi ukitoka jikoni majani yanakuchana uso. Kitu kimoja tu hapo kilikuwa cha kukhu: kichuguu kilichosimama katikati ya miwa, kirefu kumpita. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha, yeye ndiye aliyechimba shimo la mtego na kufunika matundu kwa blanketi, na kumbikumbi walijaa debe. Aliwakausha, akawatwanga, akawatia kwenye uji wa mtoto.

Mtoto alikuwa mgonjwa. Mashavu na miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, na nesi wa zahanati alisema anahitaji mayai, maziwa au nyama. Unga wa kumbikumbi wa mwaka uliopita ulikuwa umebaki kidogo tu kwenye kitako cha chungu.

"Nyama yangu iko ardhini," kukhu alisema. "Mvua ije tu."

Kabla ya mvua kuja, mwalimu alitufundisha kuhusu chakula kisichochosha ardhi. Mchwa, alisema, ni wakulima kutushinda sisi: wanalima uyoga wao chini kwa chini, bila mbolea ya dukani, na hawamalizi shamba. Akataka tuone wenyewe. Alimwomba mjomba ruhusa ya kuchimbua kichuguu, na mjomba akakubali kabla hajamaliza kuomba, maana kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba trekta inalazimika kukizunguka kichuguu kile.

"Mwalimu, hicho ni cha kukhu," nilimwambia.

"Mwenye shamba amekubali," akanijibu, akanipa jembe.

Kukhu alikuwa amempeleka mtoto zahanati. Tulichimba asubuhi nzima, na siwezi kusema uongo, ilikuwa raha. Ndani tulikuta vyumba, na katika vyumba uyoga mweupe kama sifongo, na mchwa wakikimbia na mayai yao. Mwalimu aliingia shimoni mwenyewe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" akapaza sauti, nasi tukacheka. Alipasua donge gumu la udongo, na humo alikuwa amelala malkia, mnene kama kidole gumba, mwili wote ukipanda na kushuka. Alimtumbukiza kwenye chupa ya spiriti.

Kukhu akatokea kwenye miwa, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Aliangalia shimo, kuku wakidonoa mchwa, halafu chupa.

"Mwalimu, mimi nakulanga hapa tangu niolewe," alisema. "Sasa watatoka wapi?"

Mwalimu aliona aibu, nikaiona. "Wamebaki wengi, kukhu. Watajenga tena."

"Bila mama?"

Mwalimu alitupanga mstari turudi shuleni. Wiki ile ile mjomba alisawazisha mahali pale, akapanda miwa. Kukhu alipomlaumu, alisema maji yakimwagika hayazoleki.

Mvua zilipokuja, kumbikumbi walitoka kwa majirani. Tuliona mienge yao jioni, na kukhu alisimama mlangoni akinusa hewa. Jirani mmoja alituletea bakuli. Lakini kila kichuguu kina midomo yake, na mtu haombi mara mbili. Mtoto alikunywa uji mtupu. Akashikwa na nimonia, akafa kabla shule hazijafungwa. Nesi alisema mwili haukuwa na nguvu za kupigana.

Sisemi kichuguu kingemwokoa. Nimejiambia hivyo miaka mingi na bado nina hasira. Kwa mjomba nina hasira zaidi, maana yeye alijua uji wa mtoto ulitegemea nini. Mwalimu alikuja mazishini na darasa zima, wakatuimbia, akamshika kukhu mikono na kulia kweli. Kukhu alimpa kiti na chai.

Baada ya siku chache tulifanya mtihani wa kufunga muhula. Swali moja lilitutaka tutaje mdudu anayeliwa katika sehemu zetu, na tueleze ana faida gani kwa mtoto mdogo. Niliandika: kumbikumbi, hujenga mwili, huzuia mtoto kuvimba na nywele kuwa nyekundu. Mwalimu aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, akanipa maksi zote, na hakuweza kuniangalia usoni aliponirudishia karatasi.