Alhamisi Kuu Niliyokaa Kiti cha Yuda

Padri nusura atapike juu ya mguu wangu, kanisa zima likiangalia.



Naitwa Isidro. Kazi yangu ni kutapisha vyoo hapa kwetu San Roque, yaani kushuka shimoni na kuzoa kinyesi.

Ukiwa chini shimoni ukitazama juu, unaona kipande cha mbingu kama sahani. Nilikuwa najiuliza, aliyeumba mbingu zote hizo, na nyota zake, ana shida gani na mtu aliyezama kwenye kinyesi? Najijibu mwenyewe: hana habari na wewe.

Alhamisi Kuu ile, choo cha nyumba ya mapadri kilifurika. Nikaingia. Buti la kushoto lilikuwa limetoboka, uchafu ukaniingia mguuni.

Nimetoka tu, huyo Mama Puring wa kamati ya kanisa, kaziba pua kwa kitambaa.

"Sidro, jioni kwenye kuoshwa miguu utakaa kiti cha Yuda." Kila mwaka jioni hiyo padri huosha miguu ya watu kumi na wawili wanaokaa kama mitume wa Yesu, na Yuda ndiye aliyemsaliti.

"Kwa nini mimi?"

"Mzee Tasyo aliyepangiwa kagoma. Anasema mwaka mzima watamwita msaliti. Wewe huna cha kupoteza, ushanuka tayari."

Nilikubali kwa hasira tu. Nikaapa moyoni, leo wakinidhalilisha mbele ya altare, sikanyagi tena kanisani.

Bombani hakukuwa na maji. Nikajipangusa kwa matambara, nikaenda.

Mitume wenzangu walikuja wamesugua visigino, wamepaka losheni. Yaani watu wazima wanaosha miguu ili wakaoshwe miguu. Unafiki ule ulinitia kinyaa kuliko shimo.

Bwana Tiburcio, mwenye duka, ambaye ndiye Petro wetu kila mwaka, akavuta kiti chake kando.

"Kaka, hata paka hujilamba kabla ya kukaa na watu."

Nikakaa kwenye kiti cha Yuda.

Padri Celso akafika kwangu. Nikavua kiatu cha kushoto. Akainama, uso ukambadilika, akaziba mdomo na kugeukia pembeni.

Watu wakaguna.

Mama Puring akamsogelea. "Mruke tu huyo, Baba."

Nikaanza kuvaa kiatu. Basi, thamani yangu nimeshaijua.

Padri akanishika kifundo cha mguu. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa harufu.

"Kaa, Sidro. Umetoka kwenye shimo letu, siyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi uchafu huu ni wangu."

Akaosha kidole kwa kidole. Maji yakawa meusi, akaagiza mengine. Kisha akaubusu mguu wangu.

Nililia kama mjinga.

Angejifanya hasikii harufu, nisingemwamini. Aliisikia, ikamchefua, akabaki.

Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu msomaji. Mwenye mbingu zote hizo hanipendi kwa mbali, akidhani mimi ni msafi. Ananijua ninavyonuka, na mguu wangu hajauachia.

Wewe unayesubiri utakate kwanza ndipo uende kwake, utasubiri sana. Nenda hivyo hivyo.